Mfuko wa madini si kitanda, si cha sungura wala cha mtoto

Kolwezi – Mtoto wa kike wa miaka 10 hivi alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha sungura wake. Mimi nilikuwa nimefika katika parseli ile kwa kazi nyingine: kusikiliza familia zilizotolewa katika kartie yao kwa sababu mgodi unapanuka, na ambazo sasa zinaishi kwa ndugu, pembezoni mwa mji. Baba alikuwa ananieleza habari ya nyumba aliyoiacha na miembe yake miwili. Mtoto alingoja tumalize, kisha akasema: "Papa mutangazaji, kuya uone basungura yangu."

Walikuwa wamebaki watatu ndani ya sanduku la mbao. Wa nne alikufa siku mbili kabla. Chini walikuwa wametandikiwa mfuko wa rafia, ule mweupe ambao sisi wote wa Kolwezi tunaujua. Ulikuwa umeliwa pembeni, nyuzi zake zimetawanyika kama nywele. Katikati ya sanduku mtoto alikuwa ameweka vitu vya kuchezea: kipande cha sandali ya mpira, kifuniko cha chupa, na mawe mawili ya kijani, mazuri kweli, yanayong'aa ukiyamwagia maji. Alinyanyua mfuko ili nione vizuri, na vidole vyake vikabaki na unga mweusi.

Baba aliniambia kwamba yule aliyekufa walimpasua, kwa maana walitaka kujua kama nyama inafaa kuliwa. Ndani ya tumbo walikuta fundo la nyuzi za rafia, limekazana kama kamba. Hawakula. Walimzika.

Tangu siku ile nimekuwa na jambo moja la kuwaambia wasikilizaji na wasomaji wetu, na nitalisema bila kuzunguka: mfuko uliobeba madini usiingie nyumbani. Usiwekwe chini ya sungura, usiwekwe chini ya kobayi, na zaidi ya yote usiwekwe chini ya mtoto anayelala.

Najua kwa nini mfuko huu uko kila mahali. Mji wetu unaishi kwa kuchimba, kufunga, kupakia na kusafirisha. Mfuko ukitoka shimoni unakwenda kuoshwa, ukitoka kuoshwa unakwenda depo, na ukishamwagwa pale hautupwi. Unauzwa tena kwa bei ndogo, au unaokotwa bure. Basi unarudi kwetu kwa njia nyingine: pazia la mlango, ukuta wa choo, kifuniko cha makala, gunia la mahindi, mkeka. Familia iliyohamishwa na kuanza upya bila godoro inaushona miwili miwili, inaujaza majani, na watoto wanalala. Mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi ya usiku hapa kwetu inauma hadi kwenye mifupa, ni nani atamlaumu mama anayetafuta kitu cha kutandika?

Mimi simlaumu mama huyo. Ninachotaka ajue ni kitu gani anachotandika.

Ardhi yetu ina shaba na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayotumika duniani inatoka nchini kwetu, sehemu kubwa katika ukanda huu wa Lualaba. Mfuko uliobeba mawe hayo haubaki mtupu hata ukikung'utwa. Umefumwa kwa nyuzi bapa, na kati ya uzi na uzi vumbi linakaa. Ukiukunja, vumbi linatoka. Ukilalia, linatoka. Ukiuosha, sehemu inakwenda ndani ya beseni lile lile ambalo kesho utaoshea sombe, na sehemu inabaki.

Wengi wetu tunaikumbuka Kasulo. Mwaka 2014 watu walipogundua kwamba kobalti iko chini ya nyumba zao, walichimba uani, walichimba jikoni, wengine walichimba hadi chumbani. Mwaka 2017 sehemu ya kartie ikazungushiwa ukuta, na familia za pale zikahamishwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven kule Ubelgiji, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya Kasulo. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu alikuwa mmoja wao. Walipima damu na mkojo wa wakaaji, wakawalinganisha na watu wa mtaa mwingine wa karibu usiokuwa na mashimo. Watu wa Kasulo walikutwa na kobalti nyingi zaidi mwilini, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko zote kwa watoto. Kwa watoto hao walikuta pia dalili kwamba chembe za mwili zinazobeba urithi zimeanza kuharibika.

Kwa nini watoto? Sababu yake ni rahisi. Mtoto yuko karibu na chini. Anatambaa, anakaa, anacheza chini, kisha anatia kidole mdomoni. Akipumua, anapumua hewa iliyo karibu na sakafu, mahali vumbi linapolala. Sasa mtazame sungura au kobayi. Yeye yuko chini kuliko mtoto. Anakaa juu ya malazi yake mchana na usiku, anayatafuna, anajilamba manyoya yaliyoyagusa, na mtoto anamkumbatia. Vumbi lililo chini ya mnyama halikai kwa mnyama peke yake.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Mawe ya ukanda huu mara nyingine yamechanganyika na urani. Mwezi wa 11 mwaka 2018, kampuni ya Kamoto Copper Company, KCC, hapa hapa Kolwezi, ilisimamisha kupeleka kobalti yake nje kwa sababu ya kiasi cha urani kilichopatikana ndani yake. Ikiwa kampuni yenye maabara ililazimika kusimama na kuangalia, mimi na wewe tusiokuwa na kipimo chochote tuna sababu gani ya kulalia mfuko?

Nilipoligusa jambo hili katika kipindi, mama mmoja alipiga simu. Alikuwa na hasira, na nilimwacha aseme hadi mwisho. Alisema: "Siye batu tunalala chini, na weye unatuletea habari ya malazi ya basungura?" Ana haki ya kuuliza. Lakini ninamjibu hivi: mama, ni habari moja. Kwa familia iliyopoteza shamba na miti ya matunda, sungura wanne na kobayi sita si mchezo. Ni daftari za shule, ni dawa ya malaria, ni nyama ya Jumapili. Sungura hubeba mimba siku 31 hivi na kuzaa watoto wengi kwa mara moja. Kobayi, ambaye wengine humwita simbilisi, hubeba muda mrefu zaidi, kama siku 68, lakini watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, na wanaanza kutembea siku hiyo hiyo. Ni mali inayoota haraka ndani ya parseli ndogo ya kuazima. Kumpoteza mnyama kwa sababu ya mfuko ni hasara ambayo tungeweza kuizuia bila franka hata moja.

Na kwa mtoto, mnyama yule ni zaidi ya mali. Mtoto aliyeacha rafiki zake, shule yake na mwembe wake amepata kiumbe cha kukitunza. Ndiyo maana anatafuta kukipa kitanda na vitu vya kuchezea. Kazi yetu sisi wakubwa ni kumwonyesha vilivyo salama.

Hata mahali pengine duniani watu hujifunza somo hili kwa uchungu. Huko Ulaya na Marekani wako wanaofuga nyumbani mnyama mdogo anayeitwa fureti, wa ukoo mmoja na kicheche wetu. Fureti anapenda sana kutafuna mpira. Anakata kipande, anakimeza, utumbo unaziba, na asipopasuliwa na daktari anakufa. Kwa hiyo wafugaji wake wanaonywa wasimpe kitu chochote cha mpira laini, na wasimlaze juu ya maranda ya miti yenye harufu kali, kwa maana harufu ile inadhuru mapafu. Wao wana maduka yaliyojaa vitu vya wanyama, na bado wanapaswa kuchagua. Sisi hatuna maduka hayo. Tunaokota. Basi kuchagua kwetu kunapaswa kuwa kwa makini zaidi.

Nianze na malazi. Kilicho bora tunacho bure: nyasi ndefu zilizokatwa na kukaushwa vizuri juani. Zinapitisha hewa, zinanyonya mkojo, na mnyama akizitafuna hapati hasara, kwa kuwa nyasi ndiyo chakula chake. Tatizo ni mahali pa kuzikata. Usikate kando ya barabara kuu ambako malori ya madini na ya asidi yanapita usiku na mchana. Usikate kando ya mito wanakooshea madini, wala chini ya marundo ya mawe ya mgodi. Tembea mbali kidogo, ukate upande wa mashamba, kung'uta, anika. Maganda makavu ya mahindi yanafaa pia, na majani makavu ya migomba, na katoni isiyo na rangi wala gundi ya plastiki.

Maranda ya seremala yanafaa kama unajua mbao zimetoka wapi. Muulize kwanza. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, rangi au vanishi, maranda yake usiyachukue. Mbao za kugandishwa kwa gundi, vivyo hivyo. Na hata mbao safi, chukua maranda, acha unga wa msumeno. Unga ule ni mwembamba, unaingia puani na machoni, na kwa watoto wachanga wa sungura wanaozaliwa uchi ni taabu kubwa.

Nguo kuukuu na blanketi zilizochanika zina hatari yake: nyuzi. Uzi unaweza kuuzunguka mguu wa mtoto wa sungura na kukaza hadi mguu ukavimba. Na uzi wa rafia ni mbaya kuliko wote, kwa maana haukatiki na hauyeyuki tumboni. Sungura hawezi kutapika. Anachomeza lazima kipite hadi mwisho, au kimuue. Yule aliyezikwa na baba wa parseli ile alikufa hivyo.

Ukishatandika, badilisha. Ukiinama juu ya sanduku na harufu ya mkojo ikakuchoma pua, mnyama amekwisha kuivuta kwa siku nyingi, naye pua yake iko pale pale chini. Malazi yenye maji yanatoboa nyayo za sungura na kuleta vidonda. Waya mtupu chini ya miguu unafanya vile vile. Ukitumia waya, weka juu yake ubao wa kupumzikia. Sungura mwenye mimba akikaribia siku ya 28, mpe kisanduku chenye urefu wa sentimita 40 na upana wa 30 hivi, kimejaa nyasi kavu. Atajinyofoa manyoya mwenyewe kutandika watoto. Baridi ya Kolwezi haitawashinda kama pako pakavu na upepo haupiti moja kwa moja.

Na kobayi wa jikoni? Wengi wetu tunawaacha karibu na jiko kwa ajili ya joto. Joto ni zuri, moshi wa makala si mzuri, kwao na kwetu. Wawekee kona ya mbali na moto, yenye nyasi. Na wapewe majani mabichi kila siku, kwa sababu kobayi, kama binadamu, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Asipokula kibichi, anadhoofika.

Sasa vitu vya kuchezea. Meno ya sungura na ya kobayi hayaachi kukua maisha yote. Kwa hiyo kutafuna kwao si utundu, ni lazima. Usipompa cha kutafuna, atatafuna sanduku, mfuko, au waya wa umeme. Mpe matawi mabichi ya mpera, yenye maganda yake. Mpe kipande cha mwanzi. Mpe chungu kilichovunjika, kingo zake zimesuguliwa, ajifiche ndani. Kwa mnyama anayewindwa na kila kitu, mahali pa kujificha ni raha kuliko mpira. Usimpe majani wala matawi ya mwavokado, kwa maana yana sumu kwake. Usimpe miti mibichi ya mihogo. Usimpe tawi lolote la ua linalotoa maziwa meupe.

Ondoa sandali ya mpira, ondoa vifuniko vya plastiki. Ondoa betri kuukuu, ondoa makopo ya rangi. Rangi za zamani na betri za magari zina risasi, ile metali laini ya kijivu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Hili halihusu sungura tu. Nimeona watoto wakitengeneza gari la kuchezea kwa sanduku la betri lililopasuliwa.

Na yale mawe ya kijani. Najua ni mazuri. Kijani kile ni shaba, na weusi unaokaa pembeni yake mara nyingi ni kobalti. Mtoto akiokota jiwe, amwonyeshe mzazi, kisha alirudishe nje na kunawa mikono. Lisikae ndani ya sanduku la sungura, lisikae chini ya mto, lisikae mfukoni mwa kaptula ya shule.

Hayo ni ya kwetu nyumbani. Lakini sitaki kuwaachia akina mama mzigo wote, kana kwamba wao ndio walioleta mifuko. Wenye depo wanajua mfuko gani ulibeba nini. Wanaweza kupiga mstari wa rangi juu ya mfuko wa madini ili usichanganyike na wa mahindi, na wanaweza kuacha kuuuza mitaani. Viongozi wa masoko wanaweza kukataa unga na mahindi yanayoingia katika mifuko ile. Na wale wanaohamisha familia, wawe ni kampuni au ni serikali, wanapohesabu mabati na vyumba, wahesabu pia godoro, na wahesabu kibanda cha wanyama. Familia ikipewa fedha ya nyumba lakini ikafika mahali papya bila kitanda, itatandika kilicho karibu. Na kilicho karibu, hapa Kolwezi, ni mfuko.

Nilirudi katika parseli ile Jumamosi. Sanduku lilikuwa limeoshwa na kuanikwa. Mtoto alikuwa ametandika nyasi alizokata na kaka yake upande wa mashamba, na ameegemeza tawi la mpera ukutani. Sungura wote watatu walikuwa wanalitafuna. Baba alinionyesha mfuko, ameukunja nje ya ua, hajui autupe wapi. Ndani ya nyumba ilibaki mingine miwili, imeshonwa pamoja, imejaa majani. Watoto wanne wanalala juu yake. Alisema ataitoa atakapopata kitu kingine cha kuwatandikia.

Nimeandika haya kwa ajili ya sungura, ni kweli. Lakini sungura amekwisha kupata kitanda kipya. Wale wanne bado wanangoja.